Nyumba Ambazo Mama Hakuzitaka

Mama yangu alipofariki aliacha makanga, vyombo vya jikoni na sanduku moja la mbao. Nyumba hakuacha, kwa sababu hakuwahi kuwa nayo. Na sidhani kama Bagamoyo nzima kuna mwanamke mwingine aliyekagua nyumba nyingi za kuuza kuliko yeye.

Juzi nilikuwa Zinga na mume wangu, Hamisi, tunatazama nyumba. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja anayeishi peke yake, mtu wa kitenge safi na maneno machache. Dalali wetu, kijana mwenye simu mbili, alitupitisha chumba kwa chumba akisifia kila kitu mpaka misumari. Tulipofika uani nikaomba maji, nikanywa, tukasogea kutazama ukuta wa nyuma. Hapo buibui langu likaupitia mrehani ulioota chini ya ukuta ule, harufu ikapanda. Mrehani kwetu ni wa harusi na ni wa msiba, unaupata kichwani mwa bibi harusi na unaupata kaburini, kwa hiyo harufu yake sikuwa nimeikosa siku nyingi. Lakini huu ulikuwa umeota peke yake, karibu na karo, udongo wake umelowa.

Yule bibi akaja akasimama mbele ya ule mrehani, akatukabili.

"Wanangu," akasema, "nisiwafiche. Maji ya nyumba hii yana chumvi. Mngeangalia na kwingine."

Dalali akacheka cheko la aibu. "Bibi naye! Leo chumvi, juzi popo. Sasa nyumba itauzika lini?"

Mimi nilikuwa nimetoka kuyanywa maji yale, na yalikuwa matamu. Nikakaa ghafla kwenye ukingo wa karo. Hamisi akadhani ni jua.

Nilipokuwa na miaka kama saba tulipanga nyumba ya zamani ndani ya mji, upande wa pwani. Ilikuwa na vyumba viwili, ukumbi mwembamba na uani wenye mtungi na ukuta wa mawe uliokuwa ukidondosha chokaa kila mvua ikinyesha. Nikila pale nilikuwa nakuta chokaa mpaka kwenye wali. Baba alikuwa fundi wa mashine za boti huko Mbegani, akirudi jioni ananuka dizeli na sabuni ya kipande kwa pamoja. Mimi nilikuwa mtoto wao wa kwanza na wa pekee, Rukia, na wao kwa wao waliitana kwa jina langu, Baba Rukia na Mama Rukia, jambo lililonipa kiburi kisicho na sababu.

Kisha mama akashika mimba. Namkumbuka ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, tumbo linamzuia kuinama, anajicheka mwenyewe. Namkumbuka baba akimwambia, "Sasa huyu tutamlaza wapi, Mama Rukia? Nyumba imeshatujaa hii." Alisema kwa furaha, alikuwa anajisifia shida yake. Mimi ile furaha sikuisikia, nilisikia shida tu, nikaiweka moyoni.

Siku zilipokaribia nikapelekwa Mkange kwa shangazi. Niliporudi, tumbo la mama halikuwepo na mtoto hakuwepo. Bibi, mama yake mama, alikuwa jikoni anachemsha maji ya kumkanda. Sikuona majamvi barazani, sikuona watu wamekuja kuhani, sikusikia kilio. Nikauliza nikaambiwa nikacheze. Nikakaa na hesabu yangu ya kitoto: mtoto kazaliwa, hana pa kulala, basi wamemweka mahali mpaka tupate nyumba kubwa. Iliniingia akilini vizuri sana. Hata nikaacha kuuliza, nisije nikawatia aibu.

Ukweli nilikuja kuambiwa na Bibi nilipokwisha kuwa mtu mzima. Alikuwa mvulana, na alizaliwa kimya. Kwetu, mtoto asiyelia hasaliwi wala hawekewi matanga. Wanawake humkafini kwa kitambaa cheupe, wakamzika wao wenyewe pembeni ya nyumba, na shughuli ikaishia hapo. Baba haulizi wapi. Si kwamba amekatazwa, ila anaona haya kuuliza, na wao wanaona haya kumwambia. Bibi ndiye aliyemlaza mdogo wangu uani, chini ya ukuta wa mawe, mama akiangalia kutoka dirishani kwa sababu hakuweza kusimama. Alipomaliza akachomeka hapo tawi la mrehani. Kisha akaingia ndani akamwambia binti yake, "Usimlilie. Ukimlilia utamtisha mwenzake asije."

Mama hakulia. Mwenzake hakuja vilevile.

Yote hayo mimi sikuyajua wakati ule. Nilichojua ni kwamba kila alfajiri, akishaswali, kabla hajatia kitu kinywani, mama alikuwa anachota maji kwa kata na kuupelekea mrehani. Alikuwa anachutama pale kidogo. Nilidhani anapenda maua.

Baada ya masika warithi wa mwenye nyumba wakaja watatu, wamevaa vizuri, wakakaa barazani na baba. Nyumba wanaiuza. Anayeitaka ni mtu wa kujenga nyumba ya wageni, na bei yake ni ya watu wa mahoteli, fundi mashine haisogelei. Tutafute mahali. Baba hakuhuzunika sana. Alikuwa ameweka akiba ya miaka, akaona ndiyo Mungu amemsukuma. Jioni ile akamleta dalali, Bwana Mbwana, mzee mnene aliyetembea na mwavuli jua na mvua, na ambaye hakuwahi kuona nyumba mbaya maishani mwake. Nyumba isiyo na dari aliiita nyumba yenye hewa. Nyumba iliyoko porini aliiita nyumba ya mtu mwenye heshima zake.

Mimi niliruka kwa furaha mpaka nikaangusha kikombe. Hatimaye tunakwenda kumchukua mtoto wetu.

Kila Jumapili tukawa tunatoka watatu, nyuma ya mwavuli wa Bwana Mbwana. Nyumba ya kwanza ilikuwa nyuma ya soko. Mama aliizunguka kimya, akaingia chooni, akatoka.

"Choo kimeelekea kibla," akasema.

Baba akakuna kichwa. Kwa kweli kilikuwa kimeelekea kibla.

"Choo si kitu, mama, choo kinageuzwa!" Bwana Mbwana akasema. "Shida ni mume, huyo ndiye hageuziki."

Mama hakucheka, na tulikuwa tumezoea kumsikia akicheka. Tukarudi nyumbani.

Ya pili maji yake yalikuwa na chumvi. Ya tatu mlango wake ulitazamana na wa jirani, mtu akifungua anamkuta mwenzake yumo katika kula. Ya nne haikuwa na baraza, wageni wangeketi wapi? Ya tano ilikuwa na kila kitu, mama akaikuta na nyufa ambazo mimi, kwa macho yangu mapya, sikuziona. Baba alianza kwa kucheka, akaja akanyamaza, kisha akaanza kununa. Nilimsikia akimwambia Bwana Mbwana, wakidhani niko mbali, "Mke wangu ananiona mimi si mtu wa kumnunulia nyumba." Mzee akamwambia avumilie, wanawake wanachagua. Baba akasema, "Miezi hii yote hanitazami usoni, Mzee. Kuna jambo nimemkosea na silijui."

Na katika kila nyumba mimi nilikuwa na kazi yangu. Wakati wakubwa wanagonga kuta na kutazama mapaa, mimi nilikuwa natafuta chumba. Katika ile ya kwanza nilikipata, kidogo, kina dirisha dogo, nikamvuta mama mkono nikamwambia, "Hiki cha mtoto." Mkono wake ukaubana wangu mpaka nikaumia.

"Hiki kina joto," akasema.

Basi mimi nikajua mtoto wetu hapendi joto. Nyumba iliyofuata nikamtafutia chumba chenye upepo. Mama akasema kina popo. Nyumba nyingine nikapata kisicho na popo wala joto, mama akasema kiko mbali na chumba chake, hatamsikia akiamka. Hilo nalo nikalishika. Mpaka leo likinijia nakosa pa kujificha, jinsi nilivyokuwa nikimvuta mkono huku nafurahi, na yeye akinijibu kila mara, wala hata mara moja hakuniambia ninyamaze. Nadhani nilikuwa mtu pekee aliyekuwa akimtaja mtoto wake mbele yake.

Mwisho tulipita uani, kila mara uani mwisho. Mama alikuwa anasimama pale anatazama udongo chini ya ukuta. Nilidhani anapima mahali pa kupanda mrehani wake.

Ndipo tukapelekwa Mbegani, kwenye nyumba ya mwalimu aliyekuwa anahamia Tanga. Sijaona nyumba nyingine nikaitamani kama ile. Baraza lilikuwa pana, la saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka inateleza. Uani palikuwa na mkomamanga umezaa. Upepo wa bahari uliingia mlango wa mbele ukatokea wa nyuma. Safari hii baba alikuwa ametangulia kuja peke yake, akaikagua kwa macho ya mama, na sasa akatuongoza yeye badala ya dalali.

"Choo nimekitazama, hakijaelekea kibla," akasema. "Baraza hili hapa. Jirani yuko kule, wala hatumwoni. Maji haya, onja mwenyewe."

Akamchotea. Mama akaipokea kata, akanywa kidogo, halafu akanywa yote, polepole, mpaka ikaisha. Akairudisha. Baba alikuwa anamtazama kwa matumaini yaliyonifanya hata mimi nimwonee huruma, ingawa sikujua namwonea huruma kwa nini.

"Haya, Mama Rukia. Kosa lake nini?"

Mama akatazama mlango, akatazama paa, akatazama mkomamanga. Nikaona anatafuta na hapati. Nami nikaja mbio kutoka ndani kumwokoa.

"Mama, nimekiona! Kiko jirani na chako, ukuta kwa ukuta, utamsikia. Hakina joto. Twende tukamchukue mtoto leo!"

Baba akanigeukia. "Mtoto gani?"

"Mtoto wetu. Si ulisema hana pa kulala?"

Uso wa baba sikuwahi kuuona vile. Mama akachutama pale pale juu ya sakafu ya watu, kanga ikamteremka kichwani asiijali.

"Anapo," akasema. "Anapo pa kulala, Rukia. Bibi yako amemlaza pale uani, kwenye mrehani." Kisha akainua uso kumtazama baba, mara ya kwanza baada ya miezi. "Kila Jumapili unanionyesha nyumba. Nyumba nzuri, Baba Rukia, zote nzuri, hata ile ya choo. Nikihamia huku, yule namwachia nani?"

Ndipo akalia, kwa sauti, bila kujizuia, akamlilia kilio chote alichokatazwa. Bwana Mbwana, ambaye maneno hayakuwahi kumwishia, alitoka nje akasimama barabarani ametupa mgongo, mwavuli kaufunga, jua linamchoma.

"Mimi nilijua mmempeleka makaburini," baba akasema.

"Hukuniuliza."

"Niliogopa kukuuliza."

Njia nzima ya kurudi mama alikuwa mbele na mimi nimeshikwa mkono na baba. Sikuelewa. Nilijiuliza mtu analalaje kwenye mrehani, na kama mvua haimnyeshei. Tulipofika baba hakukaa. Aliingia akaoga, akatoka amevaa kanzu na kofia, mavazi yake ya Ijumaa, na siku ilikuwa Jumapili. Akaenda uani. Mama akamfuata, akasimama kando.

"Kichwa kiko upande gani?" baba akamuuliza.

Mama akanyoosha mkono, kiganja wazi, akamwonyesha. Baba akachutama upande ule, akafungua mikono, akasoma. Nilipotaka kumwendea, mama akanizuia taratibu.

Kesho yake baba aliwafuata warithi. Walikuwa wamekwisha kukubaliana na mnunuzi. Walimpa pole, walikuwa watu wa adabu, kisha wakamwomba jambo hilo asilitaje nje, maana ikisikika kuna kaburi uani nyumba haitauzika. Baba akaomba basi mrehani usiguswe. Wakakubali, upesi mno.

Siku ya kuhama vyombo vilipakiwa kwenye mkokoteni. Mimi nilikwenda uani nikaanza kuchimba kwa kijiko nichukue mrehani, nimsaidie mama, asiache kitu chake. Baba akanishika mkono.

"Huu unabaki."

"Nani atampa maji?"

Baba akamtazama mama. Mama akasema, "Mvua," akafunga mlango wa uani, akatoka wa mwisho.

Ile ya Mbegani hatukuinunua. Tulipanga vyumba viwili mtaa wetu ule ule wa zamani, nyumba ya nne kutoka ile tuliyohama. Baba akamwambia mama, "Tutanunua ukiwa tayari." Na miaka yote wakaendelea kwenda kutazama, Jumapili moja moja, wenzao wanapokwenda kutembea ufukweni. Bwana Mbwana akazeeka, akarithiwa na madalali wengine, nao wakajifunza kwamba Mama Rukia ana jicho kali na hanunui. Baba alikuwa anacheka nao. Hakuwahi tena kumuuliza kosa la nyumba ni nini.

Nyumba yetu ya zamani ikawa nyumba ya wageni. Ukuta wa mawe ukapigwa plasta, uani ukatandikwa vigae vyeupe, mrehani ukaisha. Hazikupita siku nyingi mama akaenda kuomba kazi pale ya kufua mashuka. Shangazi zangu walisema yote yaliyowajia mdomoni, mke wa fundi anafulia wageni, ana shida gani? Baba hakumkataza. Mimi nilikuwa nimeanza kukua, nikaona haya mbele ya wenzangu wa shule. Nikitoka nampitia, namkuta uani anaanika, mashuka meupe yamemzunguka, mikono imebabuka kwa sabuni. Maji ya kusuuzia ya mwisho, yale yaliyo safi, alikuwa hayamwagi kwenye karo. Aliyabeba mpaka ukutani, akayamwaga juu ya vigae, polepole, kwa kata. Alifanya kazi hiyo mpaka magoti yakamkatalia. Baba alikuwa amekwisha kutangulia.

Siku za mwisho za mama akili yake ilikuwa inakuja na kuondoka. Asubuhi moja nilipokuwa namlisha uji akaniuliza, "Rukia, ile ya Mbegani, chumba kile hakikuwa na joto, eti?"

Nikamwambia hakikuwa na joto, mama.

"Kilikuwa kizuri," akasema. "Ulichagua vizuri."

Haya yote yalinipitia pale Zinga, nikiwa kwenye ukingo wa karo, Hamisi kaniinamia na dalali ananipepea kwa bahasha. Hamisi alikuwa ameipenda nyumba. Aliponiona nimepata nafuu akaanza kumweleza dalali kwamba ukuta wa nyuma ungebomolewa, gari lingeingia hapo, pangemwagwa zege. Yule bibi alirudi nyuma hatua moja, kisigino chake kikaugusa mrehani, akabaki hapo.

Nikasimama, nikamwendea.

"Shikamoo, Bibi," nikasema, ingawa tulikuwa tumekwisha kuamkiana.

"Marahaba, mwanangu. Maji yamekudhuru? Nimesema yana chumvi."

"Maji yako matamu, Bibi." Nikasogea karibu, Hamisi asisikie. "Kichwa kiko upande gani?"

Akanitazama. Nyuma yangu dalali alikuwa bado anazungumzia lango la gari. Bibi akageuka, akanyoosha mkono, kiganja wazi, akanionyesha, nami nikavua viatu nikachutama upande ule.